Filamu Nyepesi Niliyompa Mwalimu Mokaya

Msiniulize filamu gani ni nzuri. Nimeulizwa swali hilo miaka ishirini na zaidi, asubuhi mpaka jioni, na watu waliosimama mbele ya meza yangu pale Ogembo huku maji ya mvua yakichuruzika kwenye makoti yao. "Mama Kanda, hii iko nzuri?" "Mama Kanda, hii si ile ya juzi?" "Mama Kanda, nipe ya kucheka, lakini isiwe ya ujinga." Nilijibu mpaka ulimi ukaota sugu. Sasa nimestaafu, niko huku Nyamira kwa dada yangu, nachuma chai kidogo magoti yakikubali. Nanyi wajukuu zake mnakuja likizo na simu zenye filamu zote za dunia, mnaniita nyanya kwa Ekegusii na kunisukumia kioo usoni. "Magokoro, na hii unaionaje?"

Naiona kwa shida. Macho nayo yamestaafu.

Lakini juzi mlinionyesha ile ya vijana wanaorukaruka ufukweni, mkashangaa mbona nimenyamaza mpaka mwisho, mimi ambaye huwa siachi filamu ipite bila kuisema. Mmoja wenu akauliza kama nimelala. Sikuwa nimelala. Nimeona niwaandikie, kwa sababu jambo lenyewe ni refu na nyinyi hamkai kitako. Nawaandikia kwa Kiswahili, ingawa karibu yote haya yalisemwa kwa Ekegusii, maana nyinyi wa Nairobi Ekegusii chenu ni cha kuombea chai tu.

Kazi yangu ilikuwa kukodisha filamu. Mwanzo zilikuwa kanda, nene kama tofali, ndipo nikapata jina la Mama Kanda. Baadaye zikaja sidii, na jina halikubadilika. Chumba kilikuwa kimoja, juu ya duka la mbolea, na ngazi zake zilikuwa za mbao zilizolalamika kila mteja alipopanda. Nilimjua mtu kwa mlio wa ngazi kabla sijamwona uso.

Aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja aliyeitwa Ombati. Zamani alikuwa akizunguka masokoni na gari la sinema, anafunga kitambaa cheupe kwenye nguzo mbili na kuwaonyesha watu filamu za kuua mbu na kulisha ng'ombe vizuri. Alipochoka barabara alifungua duka lile, akaniajiri, na mtoto wa jicho alipomzidi aliniachia. Alikuwa mkali. Kanda ikirudi bila kurudishwa mwanzo, alimtazama mteja kana kwamba amemletea choo kisichofagiwa.

Alinifundisha kuwa adui wa kwanza wa filamu ni ukungu wa kwetu. Huku juu unyevu unaingia hata kwenye chumvi, sembuse kanda. Tuliweka makopo ya mkaa kwenye kila rafu, na ndani ya kabati la kanda za bei tuliacha balbu ndogo ikiwaka mchana kutwa kama ya vifaranga. Sidii iliyochubuka tuliipaka dawa ya meno kidogo, tukaifuta kwa kitambaa cha pamba kutoka katikati kwenda ukingoni. Usifute kwa kuzungusha. Ukizungusha unaiua. Sasa hakuna anayehitaji kujua hayo, lakini nimeyabeba kichwani miaka yote na sijui pa kuyatua.

Jambo la pili alilonifundisha ni la watu. "Kabla hujampa mtu filamu," alisema, "usimuulize anataka nini. Muulize ametoka wapi. Anachotaka hakijui. Anakotoka anakujua."

Nililishika, nikalisahau, nikalishika tena. Makosa nimefanya mengi. Kikundi cha akina mama wa kanisa kiliomba filamu ya maisha ya Yesu, nami kwa haraka nikaweka ndani ya jalada lake sidii ya mizuka. Mwenyekiti wao aliniambia baadaye kwamba walivumilia dakika ishirini, wakidhani ni ile sehemu ya mapepo na Bwana yuko njiani kuja kuyatoa. Hakunikasirikia sana. Alisema maombi ya jioni ile yalikuwa ya moyo kuliko ya mwaka mzima.

Maoni yangu kuhusu filamu mnayajua. Za ngumi: jemadari mmoja, risasi haziishi, na adui wanamfuata mmoja mmoja kama wanaopanga foleni ya kinu cha kusaga. Za Kihindi: watu wetu walizipenda kwa ajili ya milima. Mtu analia, mvua inanyesha, halafu anakimbia kwenye mteremko wa kijani kibichi. Sisi tulisema, huyo si yuko hapa tu Nyamache? Za Kinaijeria: mama mkwe mbaya, sehemu ya kwanza hadi ya nne, na ukikodisha ya tatu bila ya pili, familia nzima inakuja dukani kudai haki.

Na za vijana wa ufukweni. Hizo zote ni moja. Kuna jua, na jua hilo halichwi mpaka wapenzi wawili wawe tayari kulitazama. Kuna kijana wa miaka ishirini na minane anayesemekana yuko kidato cha tatu. Kuna msichana ambaye hakuna anayemwona mpaka avue miwani, kana kwamba miwani ni blanketi. Kuna tajiri mbaya mwenye gari lisilo na paa, nami hujiuliza mvua yetu ya saa nane ingemfanya nini. Ugomvi utatokea, na utaamuliwa kwa dansi au kwa mashindano ya kuteleza juu ya mawimbi. Hakuna anayefua nguo. Hakuna anayekula isipokuwa kitu kilichochomekwa kijiti. Wazazi hawapo, au wako kwenye simu.

Wateja wangu walizikodisha, na sikuwalaumu. Mtu aliyechuma chai tangu alfajiri, gambuti zimejaa maji, mgongo hausikii, hataki kuonyeshwa mtu mwingine anayefanya kazi. Mimi mwenyewe sikuzimaliza. Nilitazama dakika kumi za kwanza, nikaandika kwenye daftari langu "nyepesi", basi. Hilo ndilo kosa ninalotaka kuwaambia.

Nilikuwa nimetoka huku Nyamira, ambako mama yetu, nyanya wa mama yenu, alikuwa amelazwa. Nilimuuguza wiki tatu. Duka lilikuwa limefungwa muda wote huo. Nilirudi Ogembo nikiwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, nikakuta ukungu umeota kwenye rafu mbili. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni nafuta majalada wakati ngazi zilipolia taratibu, mtu anapumzika kila hatua ya tatu. Nilijua ni Mwalimu Mokaya kabla sijageuka. Alifundisha shule ya msingi upande wa Itumbe, karibu na kiwanda cha chai, mtu mrefu, mpole, Msabato wa kweli. Kila mwezi alikuja mara moja, akachukua filamu moja ya wanyama wa porini, akairudisha imefungwa kwenye karatasi ya kaki.

"Bwakire, Mama Kanda."

"Bwakire buya, Mwalimu. Wanyama wako wako pale pale."

"Leo sitaki wanyama," alisema. "Nipe kitu chepesi. Kwangu kumekuwa kuzito."

Sikusimama. Sikumtazama usoni. Nilinyoosha mkono nikachukua ya kwanza niliyoifikia kwenye rafu ya vicheko, jalada la buluu, vijana wamebebana mabegani. Nikampa nikiwa bado nimepiga magoti.

"Hii ni nyepesi kama pamba," nikamwambia. "Ni vijana tu wanacheza majini. Mama Evans ataipenda."

Aliligeuza jalada. Nilidhani anasoma maandishi ya nyuma. Kisha akasema, "Asante," akashuka, hatua tatu, kupumzika, hatua tatu.

Bosibori, fundi wa nguo aliyekuwa chini karibu na duka la mbolea, alipanda baada ya nusu saa kunipa pole za mama. Tulizungumza, kisha akauliza Mwalimu alikuwa amefuata nini kwangu. Nikamwambia. Akashika kifua.

"Umempa ya majini?"

"Ya kucheza tu."

"Mama Kanda! Huna habari? Evans wao amezama. Walienda pwani na wenzake watano baada ya kumaliza chuo, kutembea tu. Aliingia baharini hakutoka. Walimpata siku ya pili. Ni wiki mbili tangu tumzike."

Nilikumbuka nilivyotaja jina. Mama Evans ataipenda. Evans mwenyewe nilimjua. Ndiye aliyekuwa akimtengenezea baba yake deki ya kuchezea sidii inapokwama, kijana mchangamfu mwenye pengo la meno ya mbele, anayepanda ngazi zangu mbilimbili.

Nilitaka kumfuata Mwalimu mpaka Itumbe siku ile ile. Bosibori akanizuia. "Utaenda kumwambia nini? Nirudishie sidii yangu?" Kwa hiyo nikangoja. Siku nne. Siku saba. Kila ngazi zilipolia niliacha kazi nikageukia mlango.

Siku ya tisa alikuja. Niliinuka kabla hajamaliza kupanda.

"Mwalimu, nisamehe. Sikujua. Nilikuwa Nyamira na mama, sikuwa na habari yoyote."

"Nilijua hujui," alisema. "Ningekwambia, lakini nilikuwa nimesema neno hilo mara nyingi sana wiki ile. Nilishindwa kulisema tena."

Aliweka kifurushi cha kaki mezani. Mkono ukabaki juu yake.

"Nilipofika nyumbani niliitupa juu ya kabati. Sikutaka mke wangu aione. Yeye akaiona. Sasa anaiangalia kila siku, Mama Kanda. Akitoka kupeleka majani kituoni, hata aproni hajavua, anaiweka. Haongei. Anafika mahali fulani, anarudisha nyuma, anaangalia tena. Kaka zake wamekuja. Wanasema akili inaanza kuondoka, tumpeleke hospitali au tumwite mchungaji. Leo nimeichukua yuko shambani. Akija, mwambie imeharibika."

Nilikubali. Ningekataaje? Mimi ndiye niliyempelekea ugonjwa nyumbani.

Mkewe alikuja kesho yake. Alikuwa ametembea kutoka Itumbe, gambuti zimejaa matope, mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Mama Evans alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye vidole vyeusi vya utomvu wa chai. Wakati ule watu walikuwa hawajui wamwiteje. Kumwita Mama Evans waliona ni kumchoma, kumwita kwa jina la binti yake mdogo waliona ni kumfuta mwanawe. Wengi walimwita "wewe" tu, au walingoja awatazame. Mimi nilimwita Mama Evans, kwa sababu ndivyo nilivyomwita siku zote.

"Asante," alisema, kana kwamba nimempa kiti. Kisha akakaa kwenye benchi. "Nimefuata ile sidii. Ya buluu."

"Imeharibika, mama. Ilichubuka vibaya."

"Unaniambia huku ukiangalia kalenda."

Nikashusha macho. Kalenda yenyewe ilikuwa ya mwaka uliopita.

"Mwalimu alikuwa hapa," alisema. Halikuwa swali. "Si mbaya huyo mzee. Anaogopa. Kaka zangu nao wanaogopa. Kila mtu nyumbani anatembea kwa vidole, kama kuna mtoto amelala. Wewe pia unaogopa?"

"Naogopa, Mama Evans. Mimi ndiye niliyempa ile filamu. Sikuuliza chochote. Nimekuumiza bure."

Alikunja mwavuli wake vizuri, akauweka miguuni. Nawaandikia maneno yake kadiri ninavyoyakumbuka, na nayakumbuka vizuri.

"Mimi sijawahi kuiona bahari. Wimbi ninalolijua ni ile nafaka ya kupika uji. Walipopiga simu, kwa Kiswahili cha pwani, kwamba mtoto amechukuliwa na wimbi, nilisimama pale jikoni sielewi limemchukuaje. Halafu wakaniletea sanduku. Watu wakaja, wengi, wakaniombea, wakala, wakaenda. Hakuna hata mmoja aliyeniambia maji yenyewe yakoje. Nilikuwa nayaona meusi. Nikifumba macho, meusi, baridi, kama kisima. Na mtoto wangu yuko humo, peke yake. Ndipo nikaiona ile filamu juu ya kabati."

"Nikaona maji ni kijani," alisema. "Na yanang'aa. Na wanaingia wakikimbia, wanacheka, wanarushiana. Wenzake wale walituambia alikuwa akicheka alipoingia. Sikuwaamini. Nilidhani wananifariji. Sasa najua inawezekana. Mtu anaweza kuingia pale akicheka."

Mimi machozi yalikuwa yameshanitoka. Yeye hakulia.

"Ni mahali gani unaparudisha nyuma?" niliuliza.

"Wimbi kubwa linakuja, linawafunika wote. Halafu wanatoka. Nawahesabu. Wako tisa." Akatikisa kichwa. "Najua ni mchezo wa sinema, Mama Kanda. Mimi si mwendawazimu. Ningetaka tu kuwahesabu mpaka nichoke. Bado sijachoka."

Mnaona, nilikuwa nimemwahidi Mwalimu. Na mtu wa duka akiahidi mteja, anashika. Lakini wateja walikuwa wawili, na sidii ilikuwa moja. Nilifungua droo nikaitoa. Niliifuta kwa kitambaa cha pamba, kutoka katikati kwenda ukingoni, nikampa. Aliiweka kifuani ndani ya sweta ili isilowe, akashuka ngazi.

Mwalimu alikuja siku ya tatu na hakupumzika kwenye ngazi. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo wala baada yake.

"Nilikuomba kitu kimoja!"

"Uliniomba, Mwalimu."

"Nimeingia nyumbani nimekuta yuko pale pale, mbele ya televisheni. Anahesabu. Kaka zake wamesema kama siwezi kumtunza dada yao watamchukua. Unataka nyumba yangu ivunjike kwa ajili ya watoto wa sinema?"

"Wewe umeiangalia?"

"Nini?"

"Hiyo filamu. Umeiangalia pamoja naye?"

Aliketi kwenye benchi, mahali pale pale alipokuwa ameketi mkewe. Hasira ilimtoka kama hewa kwenye baiskeli. "Siwezi," alisema. "Ikianza tu ule muziki, natoka naenda kwa ng'ombe."

Mimi si mchungaji, ni mtu wa kukodisha. Nikamwambia nitakuja Jumapili, kama si vibaya, niwape pole ambayo sijawapa. Hiyo tu. Alisema si vibaya.

Nilienda na mkungu mdogo wa ndizi na kilo mbili za sukari. Nyumba yao iko juu ya kilima, chai imeizunguka mpaka kwenye kizingiti, na kutoka uani unaona moshi wa kiwanda. Mama Evans alinipikia mboga za chinsaga na obokima, ugali wetu. Kaka yake mmoja alikuwapo, akanisalimu kwa ncha ya mkono. Alikwisha sikia mimi ni nani. Tulikula. Tukazungumza habari za bei ya mbolea na mama yangu hospitalini. Baada ya vyombo Mama Evans akafuta mikono, akasema, "Mgeni wangu amekuja kuangalia filamu yake," akawasha.

Mwalimu akasimama. "Ng'ombe hajanyweshwa," akasema, akatoka.

Basi kwa mara ya kwanza nikaitazama filamu ile kupita dakika kumi. Watoto wangu, ni filamu ya kijinga. Kuna wimbo kuhusu mkate. Kuna mbwa aliyevaa miwani ya jua. Mama Evans alikuwa na maoni kwa kila kitu, na ndipo nilipojua kwamba hakuwa amekaa kimya mbele ya televisheni kwa kukosa akili. Alikosa mtu wa kuongea naye. "Huyu tumbo halimwumi? Kila siku barafu." "Huyu msichana nywele hizo alizisuka saa ngapi, na hajalala?" "Mwangalie huyu baba mtu. Ana kazi gani? Anakunywa kitu cha rangi tu." Kaka yake alicheka kwa pua, akajizuia, akacheka tena.

Mvua ikaanza, ile yetu ya saa nane, ya kuangusha mawe juu ya mabati. Ng'ombe au hakuna ng'ombe, Mwalimu ilibidi arudi. Alisimama mlangoni amelowa, kofia mkononi. Hakuingia, hakutoka.

Wimbi likaja. Mama Evans aliinama mbele, akanyoosha kidole. Sauti ya televisheni ilimezwa na mvua, tukabaki tunasikia yake tu. "Mmoja. Wawili, watatu. Huyu wa nne. Watano, sita wameshikana. Saba. Nane."

Kidole chake kikabaki hewani. Kioo kilikuwa na maji matupu.

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Nilimwona. Akayafumbua. "Na yule mwingine?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli. "Si umesema ni tisa? Yuko wapi?"

"Ngoja," mkewe akasema. "Huyu hukawia. Ngoja tu, Baba Evans."

Tukangoja sote wanne, hata yule kaka. Kisha pembeni kabisa, mahali ambapo usingetazama, kijana mmoja wa kaptula nyekundu akaibuka, anatema maji, anacheka na kuita wenzake.

"Tisa," alisema Mama Evans.

Mwalimu akaingia ndani. Akakaa kitini kwake na nguo zake za maji, akaweka kofia usoni, akalia kwa sauti, kilio ambacho Bosibori aliniambia baadaye hakuna aliyekisikia siku ya maziko. Mkewe hakumnyamazisha. Alivuta kiti chake karibu tu, mpaka viti vikagusana. Kaka mtu akainuka taratibu akaenda kunywesha ng'ombe, kwa maana kweli hakuwa amenyweshwa.

Sidii ile sikuidai tena. Habari ya hospitali haikutajwa tena, na kaka zake wakarudi makwao. Baada ya miezi kadhaa Mwalimu alikuja dukani kuchukua wanyama wake, nikamuuliza kama ile bado inaangaliwa. "Mara moja moja," alisema. "Sasa tunagombana kuhusu yule mbwa."

Msidhani nawaambia filamu inaponya mtu. Nimekodisha maelfu, na nyingi hazikumponya mtu hata usingizi. Mimi mwenyewe nilichoka. Simu zilipokuja, wateja walipungua wakawa wazee wawili watatu waliokuja kuongea tu, kisha hata hao wakaacha ngazi. Nilipofunga, nilimpa Bosibori rafu za mbao, na sidii nyingi zikaenda mashambani kuning'inizwa kwenye wimbi kufukuza ndege. Ni kazi nzuri kwa sidii. Zinameta vizuri. Nikisikia mtu akisema nilifanya kazi ya starehe, namwachia. Sina nguvu za kubishana.

Mwaka ule niliofunga, Mama Evans alinitembelea huku Nyamira. Mwalimu alikuwa amestaafu, na kitu cha kwanza walichofanya ni kupanda basi la kwenda pwani, wazee wawili ambao hawajawahi kupita Nairobi. Nilimketisha, nikamwekea chai, na kwa mazoea ya kazi nikamuuliza anaionaje bahari.

Alifikiri kidogo. "Si kama pale kwenye filamu," akasema. "Ina harufu. Mchanga unaingia mpaka kwenye meno. Na hakuna aliyekuwa akiimba. Lakini rangi ni ile ile."

"Mliingia majini?"

"Mimi niliishia kwenye vifundo. Nikatosheka. Mwalimu ndiye aliyeingia, na suruali yake ya Sabato, na viatu, na soksi. Sikumkataza. Alisimama humo maji yakiwa magotini, kofia mkononi, muda mrefu sana. Mpaka askari wa pale ufukweni akamjia akamuuliza, 'Mzee, kuna shida? Umepotea?' Nikamsikia anamjibu kwa Kiswahili chake cha darasani, polepole, 'Hapana, kijana. Kuna mtu nimekuja kumsalimu.'"